Foklifti Ni Mizani: Namna ya Kuiendesha kwa Usalama

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yamechapishwa kama yalivyosemwa redioni, ili darasa liweze kuyasoma tena polepole baada ya kusikiliza.

MTANGAZAJI: Ndugu wasikilizaji, sasa ni wakati wa somo la watu wazima. Walimu wa madarasa, tafadhali hakikisheni kwamba kila mwanafunzi ana daftari na kalamu, na kwamba ubao umefutwa. Somo la leo linahusu kazi za ghalani na bandarini. Karibu, Mwalimu.

MWALIMU: Asante. Leo tutazungumza juu ya mashine moja inayoitwa foklifti, na tutafanya hesabu mbili tatu. Msiogope. Hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya, nanyi mmekwisha kujifunza.

Wale mnaoishi karibu na bandari za Dar es Salaam, Tanga, Mtwara au Mombasa mmeiona foklifti mara nyingi. Hata walio mbali na pwani huiona siku hizi katika maghala ya saruji, ya mbolea, ya soda na ya nafaka. Ni gari fupi, zito, lenye paa la vyuma juu ya kichwa cha dereva. Mbele yake pana mlingoti wa chuma, na katika mlingoti huo yametokeza meno mawili marefu. Wengine huyaita uma. Mzigo huwekwa juu ya kichanja cha mbao kiitwacho paleti, chenye nafasi chini yake. Dereva huyaingiza meno katika nafasi ile, akavuta mkono mmoja, na mzigo ukapanda.

Hebu tuone faida yake. Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Paleti moja ikipangwa mifuko 40, uzito wake ni kiasi gani? Andikeni: 40 mara 50 ni 2000. Kilo 2000 ni tani 2. Mchukuzi mmoja akibeba mfuko mmoja begani, itambidi aende na kurudi mara 40. Foklifti huichukua paleti yote kwa safari moja, na mgongo wa mtu haukuumia.

Mashine hii si ya kale sana. Mwaka 1917 kiwanda cha Clark, katika mji wa Buchanan nchini Marekani, kilitengeneza kigari cha injini cha kuchukulia vifaa ndani ya kiwanda chake chenyewe. Baadaye mashine za namna hiyo zikatiwa mlingoti na meno. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kati ya mwaka 1939 na 1945, zilitumika kwa wingi kupakia na kupakua shehena za majeshi. Vita vilipokwisha zikaenea katika bandari na viwanda vya ulimwengu mzima.

Basi, hiyo ndiyo faida. Sasa tutazame hatari. Foklifti inayoweza kunyanyua tani 2 na nusu huwa na uzito wake yenyewe wa karibu tani 4. Gari dogo la abiria ni tani moja, au moja na nusu. Maana yake, kigari kile kifupi unachokiona kikizunguka ghalani ni kizito kuliko magari mawili ya abiria, hata kabla hakijabeba kitu. Kikimkanyaga mtu, hakimwumizi kidogo.

Watu husema, "Ajali haina kinga." Ni methali ya wazee wetu, nami siidharau. Lakini nimeona kwamba mara nyingi tunaitumia kufunika jambo ambalo lilikuwa na kinga, ila hatukuitafuta. Nitawapeni mfano mmoja.

Katika darasa letu moja la jioni alikuwapo mtu mzima, amenipita umri, dereva wa foklifti katika ghala fulani. Kazi alijifunza kwa kutazama wenzake, akaifanya kwa miaka sita. Kusoma alikuwa hajui. Siku moja lililetwa kasha refu la vyuma, limeandikwa ubavuni kilo 2300. Msimamizi wake alikuja, akatazama kibao cha chuma kilichobandikwa mbele ya kiti cha dereva, akaona tarakimu 2500. Akasema, "Kilo 2300 ni chini ya 2500. Nyanyua."

Dereva akanyanyua. Mara magurudumu ya nyuma yakaacha sakafu. Akashusha mzigo upesi, akasema haiwezekani. Msimamizi akawaita vibarua wawili, akawaambia, "Pandeni nyuma, mwongeze uzito." Wakapanda. Safari hii foklifti ilikubali, ikaanza kwenda. Haikufika mbali. Sakafuni palikuwa na tuta dogo tu. Kasha likainama mbele, likapiga sakafu, mkia wa foklifti ukaruka juu, kisha ukarudi chini kwa kishindo. Wale wawili walirushwa. Mmoja alichubuka. Wa pili mkia ulimwangukia mguuni, ukavunjika mahali pawili. Mpaka leo hawezi kubeba mfuko wa saruji, na kubeba ndiko kulikokuwa riziki yake.

Watu wa ghala wakasema, "Ajali haina kinga." Je, ni kweli? Tutaliuliza tena swali hilo mwisho wa somo.

SEHEMU YA KWANZA: MZEGA

Ndugu wanafunzi, mmewahi kumwona mchukuzi wa maji mwenye mzega? Ana mti begani, debe moja mbele na debe moja nyuma. Madebe yakilingana, hutembea bila taabu. Debe la mbele likiwa zito zaidi, mti huinama mbele. Na hata kama madebe yanalingana, akilisogeza la mbele mbali zaidi na bega, mti huinama vilevile. Kwa hiyo yapo mambo mawili yanayouinamisha mzega: uzito wa debe, na umbali wake kutoka begani.

Foklifti ni mzega. Bega lake ni magurudumu ya mbele. Debe la mbele ni mzigo ulio juu ya meno. Debe la nyuma ni mwili wa foklifti wenyewe, pamoja na chuma kizito sana kilichowekwa nyuma kwa makusudi ili kusawazisha mzigo. Mzigo ukiwa mzito mno, foklifti itainama mbele. Na mzigo usio mzito mno, ukiwa mbali mno na magurudumu ya mbele, foklifti itainama mbele vilevile.

Sasa tukisome kile kibao. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni hivi:

Kilo 2500. Milimita 500.

Nangoja kidogo mwandike.

Tarakimu ya kwanza ni uzito. Tarakimu ya pili ni umbali, nao hupimwa kutoka kwenye kisigino cha meno, yaani pale yanaposimama wima, mpaka katikati ya uzito wa mzigo. Milimita 500 ni sentimita 50, yaani nusu mita. Kasha lililojazwa sawasawa, katikati ya uzito wake ni katikati ya urefu wake. Kwa hiyo kasha la urefu wa mita moja, likisukumwa mpaka liguse kisigino, katikati yake ni sentimita 50. Kibao kinasema: "Naweza kilo 2500, ikiwa katikati ya mzigo haipiti sentimita 50." Hakisemi kwamba kinaweza kilo 2500 za namna yoyote.

Tufanye hesabu. Tuseme kutoka magurudumu ya mbele mpaka kisigino cha meno ni sentimita 50. Ongeza sentimita 50 za nusu ya kasha. Jumla ni 100. Zidisha: 2500 mara 100 ni 250,000. Hiyo ndiyo nguvu ya mwisho ambayo mzega wetu unaweza kuihimili.

Sasa chukueni kasha la mita moja na nusu. Nusu yake ni sentimita 75. Ongeza zile 50, jumla ni 125. Gawanya: 250,000 kwa 125. Mnapata ngapi? Mnapata 2000. Foklifti ileile, dereva yuleyule, lakini imepoteza kilo 500. Kilo 500 ni mifuko 10 ya saruji, na imepotea kwa sababu ya urefu wa kasha tu.

Sasa lile kasha la vyuma. Urefu wake ulikuwa mita 2. Nusu yake ni sentimita 100. Ongeza 50, jumla 150. Gawanya 250,000 kwa 150. Mtapata kilo 1666 na kitu kidogo. Kasha lilikuwa na kilo 2300. Mmeona? Dereva hakuweza kukisoma kibao. Msimamizi aliweza, lakini alisoma nusu yake.

Angalieni: hesabu hii nimewapeni ili mwelewe sababu. Msiitumie kazini badala ya kibao. Kila foklifti ina vipimo vyake, na vibao vingi huonyesha wazi uwezo unavyopungua mzigo unapokuwa mrefu na unapopandishwa juu zaidi. Ikiwa foklifti imefungwa kifaa kingine badala ya meno, uwezo hubadilika, na kibao lazima kibadilishwe. Kibao kikiwa kimefutika au kimeng'oka, mashine isitumike mpaka kipatikane kingine.

Na kuhusu kupandisha watu nyuma ili kuongeza uzito, jambo hili ni marufuku kabisa. Magurudumu ya nyuma yakiwa mepesi, foklifti inakuambia kwamba imeshindwa. Shusha mzigo polepole. Ugawanye, au lete mashine kubwa zaidi.

SEHEMU YA PILI: KIGODA CHA MIGUU MITATU

Foklifti huweza kuanguka mbele, kama tulivyoona. Lakini huweza pia kuanguka ubavuni, na huko ndiko wanakofia madereva wengi.

Foklifti ya kawaida ina magurudumu manne, lakini husimama kama kigoda cha miguu mitatu. Magurudumu mawili ya mbele ni miguu miwili. Mguu wa tatu si gurudumu la nyuma, bali ni ile pini iliyo katikati ya ekseli ya nyuma, maana ekseli ile hucheza juu na chini juu ya pini hiyo. Mwalimu wa darasa, chora ubaoni pembetatu: pembe mbili mbele, pembe moja nyuma. Katikati ya uzito wa foklifti pamoja na mzigo wake ikibaki ndani ya pembetatu hiyo, foklifti husimama. Ikitoka nje, huanguka.

Nini huitoa nje? Kwanza, kukata kona kwa kasi. Pili, kwenda huku mzigo umepandishwa juu. Mnajua kwamba mtu aliyebeba ndoo kichwani akijikwaa huyumba kuliko aliyeishika mkononi. Tatu, kupitisha gurudumu moja juu ya tuta au shimo. Nne, kugeuka juu ya mteremko. Dereva akichanganya mawili kati ya hayo, ameitafuta ajali mwenyewe.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Foklifti tupu nayo huanguka ubavuni kwa urahisi, pengine kuliko ile yenye mzigo ulio chini. Kwa nini? Tazameni pembetatu yenu. Foklifti ikiwa tupu, uzito wake mwingi uko nyuma, karibu na ile pembe moja, na huko pembetatu ni nyembamba. Kwa hiyo dereva aliyekwisha kushusha mzigo asidhani sasa anaruhusiwa kukimbia.

Je, ikianza kuanguka, dereva afanye nini? Sikilizeni vizuri, maana dakika hii ya somo huenda ikamwokoa mtu. Mwili wako utakuambia ruka. Usiusikilize. Foklifti huanguka upesi kuliko mtu anavyoweza kuruka, na mara nyingi mtu huruka upande uleule inakoangukia. Paa la vyuma, ambalo lingemlinda, humwangukia yeye. Basi fanya hivi:

1. Funga mkanda tangu unapoketi. Mkanda hufungwa kabla ya ajali.
2. Ikianza kuanguka, shika usukani kwa nguvu.
3. Kaza miguu yako sakafuni.
4. Egemea upande ulio kinyume na unakoangukia.
5. Baki kitini mpaka mashine itulie.

Haya ni ya foklifti ambayo dereva huketi kitini. Zipo nyingine ambazo dereva husimama, nazo zina mafunzo yake.

SEHEMU YA TATU: MWENDO

Unaposafiri, meno yawe chini, kiasi cha sentimita 15 kutoka sakafuni, na mlingoti uegemee nyuma kidogo ili mzigo uje kwako. Mzigo hupandishwa pale unapotaka kuupanga, nawe umesimama mbele ya mahali pake.

Mzigo ukiwa mrefu hata ukakuziba macho, usinyooshe shingo na kubahatisha. Endesha kinyumenyume, ukitazama unakokwenda. Na ikiwa lazima upande mteremko na mzigo huo, awepo mtu wa kukuongoza, nawe umwone wakati wote.

Katika mteremko, kumbuka kwamba upande mzito uwe juu. Ukiwa na mzigo, mzigo uelekee mlimani: panda kwa kwenda mbele, shuka kwa kurudi nyuma. Usipokuwa na mzigo, meno yaelekee bondeni. Andikeni katika daftari: "Mzigo mlimani, meno matupu bondeni." Usigeuke ukiwa katikati ya mteremko.

Foklifti haigeuki kama gari la kawaida. Gari hugeuza magurudumu ya mbele, foklifti hugeuza ya nyuma. Kwa hiyo pua ikiingia kushoto, mkia hufagia kulia kwa nguvu. Mtu aliyesimama karibu na mkia, akidhani yuko salama kwa sababu meno yako mbali, anaweza kubanwa ukutani.

Ukimaliza kazi, shusha meno mpaka sakafuni, funga breki ya mkono, weka gia huru, zima, toa ufunguo. Foklifti iliyoachwa na ufunguo ni mwaliko kwa kijana asiyejua.

SEHEMU YA NNE: ANAYETEMBEA KWA MIGUU

Labda mmoja wenu anasema, "Mimi si dereva, somo hili halinihusu." La, ndugu yangu, linakuhusu. Nchini Marekani walihesabu vifo vya kazini vilivyotokana na foklifti kati ya mwaka 1980 na 1994. Wafanyakazi waliokufa walikuwa 1,021. Katika kila 100, wapata 22 walikufa foklifti ilipopinduka. Na wapata 20 walikuwa watu wa miguu waliogongwa. Tofauti ni ndogo sana. Wengine 9 katika kila 100 walikufa kwa kuanguka kutoka juu ya foklifti.

Kwa hiyo, wewe unayepita kwa miguu, tembea katika njia yako iliyochorwa. Kama haikuchorwa, mwombe msimamizi ichorwe. Kabla hujapita karibu na foklifti, mtazame dereva, naye akutazame. Usipite chini ya meno yaliyoinuliwa, hata kama hayana mzigo, maana mnyororo huweza kukatika. Usisimame kati ya mzigo na ukuta. Usidandie. Foklifti ina kiti kimoja, nacho ni cha dereva.

Nawe dereva, piga honi kila unapofika kona au mlangoni, na punguza mwendo. Kilomita 10 kwa saa huonekana kidogo, lakini ni karibu mita 3 katika kila sekunde. Kabla mtu hajamaliza kusema "angalia," umekwisha kumfikia. Na usimpandishe mtu juu ya meno au juu ya paleti ili akabadilishe taa au afikie mzigo wa juu. Kazi hiyo ina ngazi yake na majukwaa yake yenye kingo.

SEHEMU YA TANO: KABLA YA KUWASHA

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, izunguke foklifti yako. Tazama matairi. Tazama meno kama yana ufa, hasa kwenye kisigino. Tazama minyororo ya mlingoti, lakini usiiguse kwa mkono. Tazama chini kama kuna mafuta yaliyovuja. Kisha jaribu breki, honi, taa, usukani na mkanda. Ukiona kasoro, usiseme, "Nitamaliza zamu kwanza." Iandike, mpe msimamizi, na ufunguo utolewe mpaka fundi aje.

Foklifti ya injini ikiachwa inanguruma ndani ya ghala lililofungwa, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, akalegea, akaanguka, asijue ni nini. Fungueni milango na madirisha. Foklifti ya betri nayo, inapochajiwa, hutoa hewa inayoweza kulipuka. Mahali pa kuchajia pawe na upepo, na mtu asivute sigara wala kuwasha kiberiti.

WAJIBU NI WA NANI?

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali ujulikanao kama OSHA. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Sheria hizi humtaka mwajiri awafundishe watu wake, awape vifaa vya kujikinga, na aitunze mitambo yake. Humtaka mfanyakazi naye afuate mafunzo hayo na aseme anapoona hatari. Kuendesha foklifti hufundishwa chuoni na kupimwa. Hakujulikani kwa kutazama tu, hata kama umetazama miaka sita.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, ajali ile ya kasha haikuwa na kinga? Kinga ilikuwapo, imebandikwa mbele ya kiti, imechongwa katika chuma, kila siku. Yule dereva alikuja darasani mwezi uliofuata. Nilimwuliza ni nini kilichomleta, naye akanijibu, "Mwalimu, kwa miaka sita nilidhani kile kibao ni jina la kiwanda." Neno la kwanza alilotaka kufundishwa halikuwa jina lake. Lilikuwa "kilo." La pili lilikuwa "milimita." Siku hizi huvisoma vibao vyote viwili, cha mashine na cha mzigo, na mara mbili amekataa kunyanyua. Huwaonyesha tarakimu, nao hunyamaza.

Ndugu wanafunzi, kusoma ni kwa ajili ya barua na magazeti, ndiyo. Lakini pia ni kwa ajili ya miguu yetu na ya wenzetu. Kesho mkiwa kazini, tafuteni kibao kimoja, mkisome mpaka mwisho. Nawatakia usiku mwema.

MTANGAZAJI: Walimu wa madarasa, sasa zungumzeni na wanafunzi wenu maswali yafuatayo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ni mambo gani mawili yanayoinamisha mzega? Katika foklifti ni yapi?
2. Paleti ina mifuko 45 ya saruji, kila mfuko kilo 50. Uzito wake ni kiasi gani, bila paleti yenyewe?
3. Kibao kinasema kilo 2500 kwa milimita 500. Kasha lina kilo 2400 na urefu wa mita 1 na nusu. Kwa hesabu tuliyofanya, linafaa kunyanyuliwa? Toa sababu.
4. Kwa nini dereva hapaswi kuruka foklifti inapoanguka?
5. Msimamizi amekuamuru upande nyuma ya foklifti ili uongeze uzito. Utamjibuje kwa adabu, nawe ukatae? Watu wawili wasimame waigize mbele ya darasa.
6. Je, kazini kwenu watu husema "ajali haina kinga"? Toeni mfano wa ajali iliyokuwa na kinga.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

foklifti, meno, mlingoti, paleti, kibao, uwezo, uzito, kilo, tani, milimita, sentimita, mkanda, mteremko, kisigino, pembetatu.